Naombeni ushauri: kijana wangu wa dukani amechora steringi wa Kitanzania, anataka nimchapishie. Niweke hela?

Steshenari Magomeni

Wakuu habari za jioni, na shikamooni wakubwa mliomo humu.

Nipo Mtwara mjini, Magomeni, nina kiduka cha steshenari: fotokopi, kuleminesha vyeti, kuchapa barua za kuomba kazi. Nina kijana wa miaka 21 ananisaidia, kwao Tandahimba. Mashine ikipoa tu, anachora. Karatasi zote zilizoharibika, ukizigeuza nyuma ni michoro.

Wiki iliyopita kaniletea faili. Kurasa 24, kitabu kizima cha katuni kuhusu mtu anaitwa Kapteni Tanzanaiti. Kifua kama kabati, bendera ya Taifa imejaa kifuani, joho linapepea, anaruka juu ya maghorofa. Mkono wa kijana ni mzuri, hilo sina ubishi. Hata vidole anavichora vyote vitano, na wachoraji wengi wakifika kwenye vidole huwa wanamfanya mtu aweke mikono mfukoni. Anaomba tuchape nakala 300 tuuze 2,000. Hela niliyonayo ni laki sita za korosho, na mama watoto ameshazipigia hesabu ya bati.

Sasa tatizo langu. Nimesoma kurasa zote 24, Mtwara sijaiona. Ukiitoa ile bendera, hata Tanzania siioni. Jambazi kavaa koti refu (koti, na joto hili!), wanapigana juu ya paa la ghorofa, kisha Kapteni anasema "Haki imetendeka." Nani huku kwetu anaongea hivyo? Na tanzanaiti yenyewe inachimbwa Mererani, sisi tuna korosho.

Mimi nimekulia Lindi, miaka ya 80 mwishoni na 90. Kaka yangu alikuwa utingo wa lori la Dar. Kabla ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, Rufiji ilikuwa inavukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika ikikolea lori linalala njiani siku hazihesabiki. Kwa hiyo Sani, lile jarida la katuni, ilikuwa inatufikia imeshachoka, jalada halipo, ina duara la kikombe cha chai, na ukurasa wa mwisho kuna mtu ameshafungia kitu. Watoto sita tunainamia nakala moja barazani, mmoja anasoma kwa sauti: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Madenge. Ule ukurasa uliokosekana tulikuwa tunautunga wenyewe, na ndipo na mimi nikaanza kuchora. Daftari langu la 1992 ninalo mpaka leo. Steringi wangu aliitwa Baba Ndundu, alikuwa anavuta pantoni kwa meno.

Je, ni uzee tu unanisumbua? Niweke hela? Na nikitaka kumwambia ukweli, nimwambieje nisimvunje moyo?

Pweza wa Mikindani

Bati kwanza mkuu. Huyo Kapteni mvua ikinyesha hatakuja kukinga beseni.

Mwalimu Nachingwea

Ndugu yangu, nakuheshimu ila kumbukumbu zinakudanganya. Hao uliowataja kuna hata mmoja mwenye nguvu za ajabu? Lodi Lofa lofa, Ndumilakuwili jina lake limeshamaliza kila kitu. Rudi nyuma zaidi, Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Njoo mbele, Kingo wa James Gayo. Wote ni watu wa kuchekwa. Ni jirani yako, shemeji yako, wewe mwenyewe siku ya mshahara. Ndiyo maana tuliwapenda.

Steringi wa kupiga watu waliokuwa naye baba zetu ni Spear wa majarida ya hadithi za picha, yule wa kofia, tai ya kipepeo na sigara. Tena zile zilikuwa picha za kupigwa kwa kamera, na kampuni iliyokuwa inazitoa ilikuwa ya Afrika Kusini, enzi hizo hizo za ubaguzi. Tukimsoma huku tukidhani ni mtu wa Nairobi!

Kwa hiyo kijana hana shujaa wa kurithi. Ameangalia muvi zilizotafsiriwa kama vijana wote, kachukua alichokiona. Usimdai Sani, hakuwepo.

Steshenari Magomeni

Mwalimu hapo umenipata. Nilikuwa nimeweka watu wote kwenye kapu moja.

Mwana wa Lindi, Toronto

Nipo Kanada mwaka wa tisa, ngoja niwaambie ya huku, maana tatizo la huyo kijana wenzake walishalipata. Kanada wako mlango wa pili na Marekani, na katuni zote zilikuwa zinatoka ng'ambo ya mpaka. Mwishoni mwa 1940, wakati wa vita, serikali ikazuia zisiingizwe ili kuokoa fedha za kigeni. Ghafla vijiwe vya magazeti vitupu. Wachoraji wa hapa wakajaza pengo, kurasa za ndani nyeusi na nyeupe, hamna rangi. Mwaka 1941 akatoka Nelvana, mwanamke wa kaskazini kwenye barafu, nguvu zake zinatoka kwenye ile mianga ya angani ya huko. Vita ilipokwisha za Marekani zikarudi, za nyumbani zikafa.

Halafu 1975 Richard Comely na Ron Leishman wakamtoa Captain Canuck, nyekundu na nyeupe, lile jani la kwenye bendera yao liko kwenye paji la uso. Hadithi waliipeleka mbele, mwaka 1993, Kanada ndiyo taifa kubwa duniani. Hebu ona ndoto hiyo. Matoleo 3 tu, wakasimama. Wakarudi 1979. Mwaka 1995 posta ya huku ikamweka kwenye stempu, yeye na Nelvana na wengine.

Kwa hiyo bendera si dhambi. Ila watu wazima wa huku ukiwauliza wanamkumbukia nini, wanakwambia theluji, misitu, mtu anayeongea kama wao. Na mweke akilini: hata wao, pamoja na hela zao, walikwama toleo la 3.

Mama Ashura wa Tandahimba

Kaka shikamoo. Mimi katuni sizijui, najua korosho.

Huyo kijana si wa Tandahimba? Mwambie arudi nyumbani mwezi wa sita au wa saba, aamke saa kumi alfajiri, kabla upepo haujaanza, umande bado uko kwenye majani. Aende shambani akamtazame mpuliziaji. Mtu kajifunga kitambaa puani, miwani ya plastiki, mfuko wa nailoni kichwani, koti la mvua kaligeuza nje ndani, bloa, ile mashine ya kupulizia dawa, mgongoni. Huoni uso, hujui ni mume wa nani. Anavuta kamba mara ya kwanza haiwaki, ya pili haiwaki, ya tatu bloa inanguruma mpaka mbwa wa kijiji kizima wanaamka. Halafu salfa, dawa ya unga ya mikorosho, inatoka, wingu la njano linapanda mpaka juu ya mkorosho, na yeye anapotelea humo ndani. Unasikia mngurumo tu. Akitoka, nyusi za njano, macho mekundu, anakohoa.

Sisi watoto tulikuwa tunamkimbia! Joho la nini?

Na adui anamtafuta wapi wakati kangomba wapo? Anakuja usiku na kibakuli chake, mwezi ambao debe la unga limekwisha na mtoto anadaiwa sare, ananunua korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kukutukana. Huyo havai koti refu. Anavaa msuli, anakusalimia vizuri, anamjua mpaka bibi yako.

Pweza wa Mikindani

Dada nimefuta kauli. Hiyo nainunua hata 3,000.

Kijana wa Masasi

Mimi naongezea, amvalishe lipiko! Wazungu wanahangaika na vinyago vya kuficha sura, sisi Wamakonde tunavyo siku zote. Anayecheza humjui ni nani, ndiyo utamu wake.

Mzee wa Mahuta

Mjukuu, taratibu. Mapiko yana mwenyewe. Kuna ya kucheza sikukuu mbele ya watu wote, na kuna yanayokwenda na jando, ambayo hayazungumzwi hovyo, sembuse kuuzwa 2,000 stendi. Kijana kama ni mwenyeji, ana wajomba. Awaulize kabla hajachora, si baada.

Ila akitaka mzee wa zamani wa kumchora, yupo Machemba wa Luagala. Wajerumani walipomwita mwaka 1890 aende pwani kutii, aliwajibu kwa barua, ya Kiswahili, kwamba haendi. Na kule Tendaguru, Lindi, kuanzia 1909 walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, dinosaria, babu zetu wakaibeba kichwani mpaka bandarini. Mmoja amesimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mtu mwenye nguvu za kumrudisha yule, mimi nitamsoma na miwani yangu hii mibovu.

Steshenari Magomeni

Shikamoo mzee wangu, nimelipokea hilo la wajomba.

Fundi Riso

Mmesahau hela. Nakala 300 mara 2,000 ni laki sita. Yaani auze zote mpaka ya mwisho ndiyo arudi alipoanzia. Na zote haziishi, nakuapia.

Usichape rangi. Kurasa 24 za A5 ni karatasi 6 za A4 ukikunja, yaani pande 12. Tafuta mwenye mashine ya riso, zile wanazochapia mitihani ya shule: unalipia masta 12 (karatasi mama, moja kwa kila upande), baada ya hapo nakala inashuka bei. Anza na 100, ni karatasi 600, rimu moja na kidogo. Jalada tu ndiyo rangi. Stepla iwe ile ndefu, ukipinda ya kawaida inachana mgongo. Ukipita Ndanda waulize Wabenediktini, uchapaji ni kazi yao ya miaka mingi.

Halafu ile bendera: nembo za Taifa zina sheria yake tangu 1971, huziweki kwenye bidhaa ya kuuza bila kibali. ISBN unaomba Bodi ya Huduma za Maktaba. Usiandike "litatoka kila mwezi", hapo umeanzisha jarida na leseni ni Maelezo, ile idara ya habari ya serikali. Na jina la mwenye mchoro liwe la kijana, si la duka lako. Muandikishane kabla ya wino.

Steshenari Magomeni

Wakuu mrejesho.

Sikumwambia kitu. Nilimpa simu asome uzi wenyewe, nikaenda kuswali. Narudi, yuko kwenye maneno ya Mama Ashura, anayasoma mara ya pili. Akaniambia baba yake ndiyo kazi yake hiyo, anapulizia mikorosho ya watu. Alikuwa anaona aibu kumchora.

Jana kaleta ukurasa mmoja. Giza, mkorosho, mtu anavuta kamba ya bloa: "krrr… krrr…" Kisanduku cha tatu hakuna mtu, njano tupu (kaikoleza na penseli ya mtoto wangu). Chini kabisa sauti inatoka ndani ya wingu: "Weka kibakuli chini, mjomba."

Tumekubaliana nakala 100, riso, na bendera imeondoka. Ameomba pia lile daftari la 1992, anataka kumtumia Baba Ndundu kama babu yake steringi. Nimempa, ila nimehesabu kurasa kwanza.

Mama watoto ameuona ule mchoro mezani. La bati hakuligusa. Kauliza tu kwa nini mtu anaingia shambani usiku na kandambili, hajui kuna nyoka? Kijana amerudi kumvalisha buti.