OpenBSD, Debian au FreeBSD: kila mradi unamwogopa mwizi gani?

Mtunza_Leja (Kigoma Mjini)

Ndugu zangu, salaam kutoka Mwanga. Ninatunza kompyuta za chama kidogo cha kuweka na kukopa, na nimerithi mashine mbili zilizochoka: moja inakaa kati ya ruta na ofisi ikifanya kazi ya faiwoli (kuzuia wavamizi wa mtandaoni), nyingine inahifadhi leja za wanachama. Zote zinaendeshwa na toleo la Linux ambalo muda wake wa kupokea viraka (marekebisho ya usalama) umekwisha, na kwa kuwa sina budi kusakinisha upya, ningependa nichague kwa hoja kuliko kwa mazoea.

Kila ninaposoma, mfumo endeshi wa OpenBSD unatajwa kuwa salama kuliko yote. Nikigeuka, maneno hayo hayo yanasemwa kuhusu Qubes, na wapo wanaoapa kwa Debian, aina mojawapo ya Linux. Haiwezekani wote wakashika namba moja. Naomba mnieleze kila mradi unapotamka neno “usalama” unatanguliza nini, na uko tayari kukosa nini kwa ajili hiyo. Mashine zina RAM ya GB 4 kila moja, bando letu ni la kupimwa, na umeme wa huku hukatika bila hodi.

Keneli_Unyamwezi (Tabora)

Ndugu Mtunza, tuimalize Qubes kwanza. Wao wanachukulia kwamba programu zitadukuliwa tu, leo au kesho, kwa hiyo kila kazi wanaifungia katika mashine pepe yake (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) inayoendeshwa na programu ya Xen, ili barua pepe iliyooza isiozeshe faili za benki. Ni wazo zuri kwa kompyuta ya mezani ya mtu mmoja, lakini wenyewe wanapendekeza RAM ya GB 16. Kwako haifai.

OpenBSD ilizaliwa mwaka 1995, Theo de Raadt alipoachana na mradi wa NetBSD, na imani yake ni kwamba dosari yoyote ya kawaida ni mlango ambao mwizi hajaupata bado. Kwa hiyo wanaupitia msimbo tena na tena, na mfumo ukishasakinishwa huduma nyingi hukaa zimezimwa hadi uziwashe mwenyewe. Tangu mwaka 2016 wana pledge, ambapo programu hutangaza mapema mambo itakayohitaji, na ikigusa jambo ambalo haikulitangaza, keneli (kiini cha mfumo) huiua papo hapo. Mwaka 2018 wakaongeza unveil, inayoificha programu faili zisizoihusu. Faida yake ilionekana vizuri Julai 2024, lilipotangazwa shimo kubwa la OpenSSH, programu ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, kwenye Linux zinazotumia maktaba ya glibc: OpenBSD yenyewe haikuguswa, kwa sababu mahali palipoharibikia wenzao, wao walikuwa wakitumia njia salama ya kuandika kumbukumbu za matukio (logi) waliyoibuni mwaka 2001. Wanachokubali kukosa ni kasi na starehe. Mwaka 2018, baada ya dosari za prosesa za Intel kufichuka, walizima hyper-threading (kiini kimoja cha prosesa kufanya kazi mbili kwa pamoja) kwa kila mtu bila kusubiri ushauri.

Debian inatanguliza jambo jingine kabisa: kiraka kifike bila kubadili tabia ya programu unayoitegemea. Timu yao ya usalama huchukua marekebisho na kuyarudisha katika toleo lile lile ulilonalo, kwa takriban miaka 5 ukihesabu na kipindi cha LTS (matunzo ya muda mrefu), ilhali toleo la OpenBSD hutunzwa mwaka mmoja hivi. Gharama yake ni ukubwa. Debian 12 ilitoka na vifurushi vya programu zaidi ya 64,000, na hakuna binadamu wa kuvikagua vyote. Ndiyo maana kati ya 2006 na 2008 marekebisho yao wenyewe ndani ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji, yalifanya funguo ziweze kukisiwa, na hakuna aliyeshtuka kwa karibu miaka miwili. Hata hivyo, utaratibu wao wa pole pole una heri yake: mlango wa nyuma uliopandwa katika xz, programu ya kubana faili, mwaka 2024 uliingia kwenye matawi ya majaribio, lakini toleo thabiti halikufikiwa.

Fundi_Ujiji

Kaka wa Tabora amesema kweli, ila amesahau umeme. Niliwahi kuweka OpenBSD katika duka moja la dawa, ihifadhi kumbukumbu za mauzo. Usiku mmoja umeme ukakatika mara tatu, na asubuhi mashine ikasimama katikati ya kuwaka, ikidai fsck, yaani ukaguzi wa mfumo wa faili, iendeshwe kwa mkono. Haikuwa na skrini wala kibodi. Nilikwenda kwa bodaboda nimepakata skrini ya kuazima, nikajibu maswali ya fsck moja baada ya jingine huku wateja wakiandikiwa risiti kwa kalamu.

Mfumo wa faili wa OpenBSD hauna jarida la kunakili mabadiliko kabla hayajafanyika, kama ext4, mfumo wa faili wa Linux, ilivyo nalo. FreeBSD, ndugu wa OpenBSD, inakuja na mfumo wa faili wa ZFS, ambao haiandiki juu ya data ya zamani na huhesabu alama ya kila kipande ili kugundua kilichoharibika. Tena ina jela tangu mwaka 2000, za kuitenga kila huduma na jirani yake. Kwangu mimi, leja isiyofunguka siku ya gawio haina tofauti na leja iliyoibwa.

Dada_Kasulu

Niongeze mawili. Kwanza, OpenBSD hujivunia kwamba kwa muda mrefu mno yamepatikana mashimo mawili tu ya kuingilia kutoka mbali, lakini hesabu hiyo inahusu mfumo ulivyosakinishwa mwanzoni. Ukishaongeza PHP (lugha ya tovuti) na MariaDB (hifadhidata) kutoka vifurushi, umetoka kwenye uwanja uliofagiliwa. Faiwoli haihitaji nyongeza hizo, kwa kuwa pf, faiwoli ya OpenBSD, imo ndani tayari, na viraka vinavyoletwa na zana yake ya syspatch ni vidogo, havimalizi bando.

Pili, angalia kama prosesa ni za biti 32. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haitoi tena kisakinishi chake kwa mashine hizo.

Mtunza_Leja (Kigoma Mjini)

Asanteni sana. Nimeendesha amri ya lscpu inayoonyesha aina ya prosesa, zote ni za biti 64. Nimeamua faiwoli iwe OpenBSD na leja iwe Debian. ZFS nimeipenda, lakini hapa ofisini hakuna mwingine anayeijua FreeBSD siku nikiwa safarini. Kimebaki kitu kimoja: wezi wa hapa hubeba mashine nzima. Nikiisimba diski yote (isisomeke bila nywila), kila umeme ukikatika mashine itangoja nywila, na mimi niko Kibirizi.

Fundi_Ujiji

Usiisimbe yote. Acha mfumo uwake wenyewe, uweze kuingia kwa SSH, kisha sehemu ya leja peke yake uifunge kwa LUKS, zana ya Linux ya kusimba diski, nawe uifungue kutoka huko uliko. Mhasibu naye apewe nywila yake, maana LUKS inapokea zaidi ya moja, ila asiibandike chini ya kibodi. Nimeikuta hapo mara mbili.