Chuo cha kanisa: binti alale nyumbani Arua, kwa shemeji Seeta, au hosteli Mukono?

Mama Vitenge, Arua

Wazazi wenzangu, naomba mnisaidie mawazo. Kitinda mimba wangu amepata nafasi Uganda Christian University, chuo cha Kanisa la Uganda, kusomea usimamizi wa biashara. Kozi yake ipo kwenye tawi la hapa Arua na ipo makao makuu ya chuo, Mukono, mbali na sisi, karibu na Kampala. Yeye anataka Mukono. Baba yake anasema abaki hapa tumwone kwa macho. Mimi usiku nageuka tu kitandani.

Njia ziko tatu. Abaki Arua, alale nyumbani, asubuhi apande boda aende darasani. Au aende Mukono akae kwa shemeji yangu pale Seeta, nyumba ina nafasi na shemeji amekubali kwa moyo mweupe. Au alale hosteli kama wenzake.

Pesa inaniuma, siwezi kuficha, nauza vitenge na soko mwaka huu ni gumu. Lakini siulizi bei. Nauliza njia ipi itaniacha niendelee kuwa mama yake. Kaka yake mkubwa alisoma mbali, akarudi na digrii, na hadi leo tunaongea kama abiria waliokutana kwenye basi. Tulichagua chuo cha kanisa tukiamini tutasaidiana nacho malezi. Sasa najiuliza kama chuo kinajua kwamba sisi tupo.

Mzee wa Bombo

Hongera mama kwa binti. Mimi ni Mnubi, Muislamu, na mwanangu wa tatu yuko mwaka wa pili Ndejje, chuo cha Kanisa la Uganda. Kutoka kwangu Bombo si mbali, kwa hiyo analala nyumbani. Nakujibu kama mtu wa njia yako ya kwanza.

Uzuri wake naujua. Ramadhani tunafuturu sahani moja. Akiumwa kichwa namwona usoni kabla hajasema. Lakini mwaka wa kwanza wote alikuwa kama mtoto wa sekondari ya kutwa: saa kumi na moja jioni begi mgongoni, mbio nyumbani. Kazi za kikundi zinafanyika usiku hosteli, yeye hayupo. Marafiki hana. Akifika anakula, anaingia chumbani, mlango anafunga. Mama, mtoto alikuwa hatua kumi kutoka kwangu na sikujua lolote la moyoni mwake.

Mwaka huu nilimruhusu siku mbili kwa wiki alale hosteli kwa mwenzake. Mama yake alilia. Lakini sasa anarudi na maneno! Juzi wenzake Wakristo walikuwa wakisoma habari za Ibrahimu na mwanawe, akaja kuniuliza sisi tunasemaje. Tulikaa barazani mpaka saa sita usiku, mimi na yeye, chai imepoa. Usiku kama ule sikuwahi kuupata alipokuwa analala nyumbani siku saba.

Dada wa Mukono

Shemeji yako simjui na sina neno baya juu yake. Lakini njia ya pili niliipita mwenyewe kwa miaka mitatu, kwa shangazi yangu, na lazima niseme.

Shangazi alinipenda. Hakuna aliyenitesa. Ila mgeni wa kike anayelala bure hawezi kukaa na kitabu huku mwenye nyumba ameinama anamenya matoke. Unainuka. Kesho unainuka tena. Mwezi wa pili kisu kimekuwa chako, na watoto wadogo wanakuita wewe wanapotaka kuogeshwa. Nilikuwa nasoma jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi, mkono mmoja nakoroga maharage. Madaftari yangu ya mwaka wa kwanza yana madoa ya mafuta hadi leo.

Halafu foleni ya barabara ya Jinja. Kwa macho Seeta na Mukono ni pua na mdomo, lakini jioni teksi haisogei. Ushirika wa wanafunzi wa jioni sikuhudhuria hata mara kumi. Maktaba niliiacha watu wanapoingia.

Na hili ndilo la maana kwako mama. Nikiwa na shida sikuweza kumwambia mama yangu. Ningesemaje? Ningeonekana namsengenya shangazi, na wao ni ndugu. Nikawa najibu "niko salama" kila Jumapili, miaka mitatu.

Mama Vitenge, Arua

Dada, umenichoma. Binti yangu hawezi kukaa mtu mwingine akifanya kazi, ndivyo nilivyomlea. Sikuwahi kufikiri kwamba adabu yake ndiyo ingemponza.

Wa Busia, mwaka wa 3

Mama, mimi niko huko huko Mukono, hosteli, kwa hiyo niseme ya ndani kidogo.

Chuo chenyewe kilianzishwa 1997, lakini mahali pale ni pa zamani. Palikuwa Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker tangu 1913. Babu yangu mzaa mama alisomea uchungaji pale. Siku ya kuniandikisha mama alikuja na bibi, na bibi alipoliona lile jengo la matofali mekundu alisimama, akashika mkono wangu, akanionyesha mti ambao babu alimwambia walikuwa wanakaa kukariri Kigiriki. Labda si mti ule ule. Lakini tangu siku hiyo nikipita hapo nawakumbuka, na nikishindwa kuamka kwa ajili ya somo la saa mbili namkumbuka bibi.

Sasa jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa biashara, anasoma masomo ya msingi: Agano la Kale, Agano Jipya, maadili, na mitazamo ya ulimwengu. Yanafanyiwa mtihani kama masomo mengine. Na Jumanne na Alhamisi mchana kuna ibada ya chuo kizima pale Nkoyoyo Hall. Mama yangu alipojua hayo aliacha kuniuliza "umekula?" akaanza kuniuliza "leo kasisi amehubiri nini?" au "yule mwalimu wa maadili amesema nini kuhusu rushwa?" Yeye ni karani wa forodha mpakani, kuhusu rushwa ana mengi ya kusema. Tunabishana kweli kweli! Nimemjua mama yangu nikiwa chuoni kuliko nilipokuwa nyumbani.

Kwa hiyo mimi nasema hosteli. Lakini mama ajue ratiba ya mtoto, na apige simu saa ambayo mtoto yuko huru. Saa moja jioni watu wako kwenye foleni ya chakula.

Mwadventista, Kampala

Kwetu Bugema ni tofauti kidogo. Chuo kiko nje ya mji, barabara ya Gayaza kwenda Ziroobwe, na karibu watoto wote wanaishi pale pale. Kinachotusaidia ni Sabato. Jua la Ijumaa likizama masomo yamesimama. Chakula changu nakifungasha tangu Ijumaa, Jumamosi napanda teksi, naabudu nao, tunakula chini ya mti pamoja na rafiki zake watatu au wanne. Simwulizi alama siku hiyo. Alama ana siku sita za kuniambia. Najua wa Arua huwezi kufanya hivyo kila wiki, ila hata mara moja kwa muhula, nenda siku ya ibada, usiende siku ya karo tu.

Baba wa Watatu

Nimesita kuandika hili. Chuo sitakitaja, na kosa kubwa ni letu.

Kijana wetu wa kwanza alilala hosteli. Karo tulikuwa tunatuma kwenye simu yake alipe mwenyewe, kwa sababu tulimwamini na kwa sababu ni chuo cha kanisa. Likizo alirudi, akahubiri hata kanisani kwetu. Mwaka wa mwisho akasema mahafali ni Oktoba. Tulikodi mahema. Mjomba wake alileta mbuzi wawili, wakafungwa nyuma ya jiko. Wiki ya mwisho dada yake alipotazama orodha ya wahitimu, jina halimo. Alikuwa amekosa mihula miwili mizima. Alifeli masomo mawili mwaka wa pili, akaona aibu, akaacha kujiandikisha, karo ikaliwa na kodi ya chumba na chakula.

Nilikwenda chuoni nikiwa na hasira. Niliuliza, miezi yote hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyenipigia? Wakanionyesha fomu. Kwenye sehemu ya mzazi kijana alikuwa ameandika namba ya rafiki yake.

Mbuzi walikaa pale siku nne wakilia. Sauti ile sijaisahau. Lakini kilichoniuma zaidi ya pesa ni kwamba mwanangu alibeba mzigo huo miezi kumi na miwili peke yake, kisha anakuja mezani kwangu anacheka. Aliogopa kunivunja moyo kuliko alivyoogopa kupotea.

Amerudi masomoni, anamaliza mwaka huu. Karo sasa nalipa mimi moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Na nimemwambia mbele ya mama yake: ukifeli, mimi niwe mtu wa kwanza kujua, na siku hiyo sitapandisha sauti. Alifeli somo moja mwezi wa tano. Alinipigia. Sikupandisha sauti, ingawa ilibidi nitoke nje nizunguke nyumba mara mbili kabla ya kumpigia tena.

Karani wa Chuo

Pole sana mzee, na asante kwa kusema. Nafanya kazi ofisi ya wanafunzi katika chuo kimoja cha kanisa, na yaliyokupata tunayaona.

Wazazi waelewe upande wetu. Mtoto wa miaka 18 kisheria ni mtu mzima. Tangu ipite Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, mwaka 2019, hatuwezi kumsomea mzazi matokeo kwenye simu bila ridhaa ya mwenye matokeo. Mzazi anatukana, anasema "mimi ndiye ninayelipa". Ni kweli unalipa. Lakini leo akipiga baba, kesho anapiga mtu anayejifanya baba.

Dawa ipo siku ya kuandikishwa. Njoo na mtoto. Jaza naye ile fomu ya ndugu wa karibu, namba uiandike kwa mkono wako. Kama mmekubaliana, aandike barua na kuitia sahihi kwamba mzazi fulani anaruhusiwa kupewa taarifa za masomo yake. Itunzwe kwenye faili. Kisha usiondoke kabla hujamsalimia mlezi wa hosteli na kasisi wa chuo. Dakika tano zinatosha. Mimi nawakumbuka wazazi walionisalimia, na jina la mtoto likipita mezani kwangu na tatizo, naweza kumwita mtoto nikamwambia, "Mama yako namjua, umeshamwambia?" Mara nyingi hilo linamaliza kazi.

Wengi tunawaona mara tatu: kuandikisha, karo inapokwama kabla ya mitihani, na mahafali.

Mama wa Nebbi

Mama Vitenge, jirani yangu, mimi binti yangu yuko Mukono hosteli na nataka usikie suala la umbali kutoka kwa mtu wa West Nile, huku kwetu kaskazini magharibi.

Mwaka 2024, Septemba, daraja la Karuma, tunalovukia Nile kwenda Kampala, lilifungwa kwa matengenezo, mabasi yetu yakawa yanazungushwa. Wiki hizo hizo binti akalazwa na malaria. Nilipata simu asubuhi, nikafika kesho yake jioni, miguu imevimba. Nilimkuta amekaa kitandani anakunywa uji kutoka flaski ya kijani ambayo siijui. Ilikuwa ya mama wa mwenzake wa chumba, anayekaa Lugazi. Alikuja tangu jana yake, akalala kwenye kiti, asubuhi akapika uji kwa mtu akarudi nao.

Sikuwahi kuonana na mama yule. Leo ni dada yangu. Akija Arua kwa harusi atalala kwangu. Kwa hiyo ukimpeleka binti, subiri mwenzake wa chumba afike, chukua namba ya mama yake, mpe yako. Hiyo nakuhimiza kuliko yote yaliyosemwa hapa.

Mzee wa Bombo

Kwa hiyo mama, tawi la Arua umeshaliacha? Usiliache haraka. Kama baba yake ana wasiwasi, msikilizeni naye.

Mama Vitenge, Arua

Sijaliacha kwa dharau, mzee. Jana usiku nilimsomea baba yake majibu yote, hili la mbuzi nikasoma mara mbili. Alinyamaza sana. Kisha akamwita binti, akamuuliza swali ambalo hatukuwahi kumuuliza: kwa nini Mukono? Akasema, "Baba, hapa kila mtu ananijua kama mtoto wa Mama Vitenge. Nataka nione kama nitaenda kanisani Jumapili ambayo hakuna anayeniangalia." Baba yake akainuka akaenda kufunga kuku, na kuku walikuwa wamefungwa zamani.

Basi ni Mukono, hosteli. Seeta atakwenda Jumapili baada ya ibada, ale na ndugu zake, arudi kabla ya giza. Nimeongea na shemeji wazi wazi, nimemwambia ninachoogopa, na hakukasirika. Alicheka akasema vyombo ataosha vyake tu. Baba yake ndiye atakayesafiri naye, si mimi. Amejiomba mwenyewe, na anataka kumsalimia kasisi.

Karani, nina swali moja. Hiyo fomu ya ndugu wa karibu, naruhusiwa kuweka namba mbili?

Karani wa Chuo

Kwetu inaruhusiwa. Weka yako juu, ya Seeta chini. Na mwambie baba aje na kalamu yake, siku ile kalamu hupotea.