Duka dogo lina haja gani na tovuti kama Instagram na WhatsApp zipo?

FundiTovuti (mleta mada)
Wakuu, habari za mchana. Natengeneza tovuti hapa Dar, na kila mwenye duka ninayemfuata jibu ni moja: "Nina Instagram, inatosha." Mimi nasema pale umepanga tu, mwenye nyumba ni mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa saa kama sita. Mwenye tovuti yake aliendelea kuonekana. Halafu tangu 2016 Instagram waliacha kupanga picha kwa kufuata muda, kwa hiyo hata wafuasi wako hawaoni kila unachoweka. Tujadili kwa hoja.
(Pembeni kidogo: nusu ya kurasa zenyewe hazina bei, ni "njoo dm" tu. Sijui wanaficha nini.)

Mama Vitenge
Nimesoma yote, nimekwama kwenye mabano. Tunaficha nini? Wewe bei ya kutengeneza tovuti umeiandika wapi?

Kijana wa Tandale
😂😂 Mods fungeni uzi.

FundiTovuti
Dada, kazi yangu inategemea. Kurasa ngapi, malipo ya simu yamo au hayamo. Kitenge ni kitenge.

Mama Vitenge
Kitenge ni kitenge? Kuna Vlisco ya Uholanzi, kuna nakala yake, kuna cha kufua mara mbili kikachuja. Mtu asiyejua hilo ndiye aje kunipangia duka mtandaoni? Na bei siandiki kwa sababu nikiiandika asubuhi, jioni jirani kashusha elfu mbili, tena kwa picha yangu mwenyewe.

Mlipakodi
Tusidanganyane, mnaogopa TRA. Ule mgomo wa Kariakoo wa 2022 ulikuwa wa nini?

Stoo Namba Saba
Mei 2023, mkuu. Na ulihusu usajili wa stoo na usumbufu wa makadirio, siyo bei za Instagram. TRA wanataka mauzo yako, bei ya gauni moja haiwaambii umeuza mangapi.

Mlipakodi
Mwaka nimekosea, hoja iko palepale.

Wa Nairobi
Hata huku ni vivyo hivyo. Mtu ameweka viatu, till number ya kulipia iko, bei hakuna. Nilipe hewa? 😂 Mimi nikikosa bei nasonga mbele.

Shemeji
Wanaangalia kwanza sura yako. Niliulizia gauni kwa akaunti yangu, kisha kwa akaunti ya dada aliyeko Muscat. Gauni lile lile, bei mbili.

Mama Vitenge
Shemeji, ukiingia Kariakoo bei hukuti ukutani, unapatana na unaondoka unacheka. Kwenye simu ndiyo inageuka wizi?

Shemeji
Kariakoo naona duka la pili na la tatu kwa macho. Dm naona nukta tatu zinacheza, halafu kimya mpaka kesho.

Mzee wa Kompyuta
Turudi kwenye mada kidogo. Tovuti zenu nazo, fundi, zinachosha. Picha kubwa inateleza, video inaanza kujichezea, kabla sijasoma mstari mmoja dirisha linaniomba barua pepe. Bando la nani hilo? Mteja wa duka dogo anataka vitu vinne: bidhaa, bei, mlipo, namba ya simu. Ukurasa mmoja mwepesi.

FundiTovuti
Asante mzee, hiyo ndiyo hoja yangu!

Kijana wa Tandale
Hiyo siyo hoja yako, hiyo ni lawama yako.

Binti Tanga
Kizuri chajiuza bwana.

Wa Nairobi
Coca-Cola kila mtu anaijua na bado mabango hawashushi.

Binti Tanga
Tigo nao wakawa Yas Novemba 2024, matangazo kila kona. Mama yangu hadi leo: "nitumie kwa Tigo Pesa."

Mlipakodi
Fundi, bado hujataja bei.

FundiTovuti
Haya. Kurasa tano, laki sita, domeni ya .co.tz (yaani jina la tovuti) na hostingi (pa kuiweka mtandaoni) ya mwaka wa kwanza ndani yake.

Stoo Namba Saba
Mwaka wa pili? Aliyenitengenezea mimi alisema "kidogo tu", kisha simu hapokei. Domeni alisajili kwa jina lake. Hata nikitaka kuhama siwezi.

Mama Vitenge
Eeh! Jibu hapo sasa. Unasajili kwa jina la nani?

FundiTovuti
Mwaka wa pili mteja analipia hostingi mwenyewe, namtumia ankara mwezi mmoja kabla. Mimi si wa kukimbia simu, waulizeni wateja wangu.

Mama Vitenge
La hostingi umejibu. La domeni umeliruka.