Mrejesho: mashine ya kuosha vyombo imeanza tena kuchemsha maji

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Shida yangu ilikuwa mashine ya kuosha vyombo inayovuta maji, inaosha mpaka mwisho, ila maji baridi kama yametekwa ziwani sasa hivi. Sahani tulizolia sato zilitoka zinateleza kwa mafuta.

Wengi mlisema hita imeungua. Fundi wa hapa Kirumba naye akataka hela ya hita mpya bila kupima chochote, jambo lililoniudhi sana. Nikamfuata yule aliyesema nipime kwanza.

Nikachomoa plagi, nikafungua, nikachomoa nyaya za hita na kuweka multimita, kile kipimo cha umeme: ukinzani omu 27. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni karibu wati 2000, yaani hita ni nzima, haijaungua. Nikapima pia kati ya hita na bati la mashine, hakuna mguso, yaani umeme hauvuji.

Basi nikageukia bodi ya umeme. Pale kwenye rilei ya hita, yaani swichi inayoipelekea hita umeme, mguu mmoja lehemu yake ilikuwa na mpasuko wa duara, mwembamba kama unywele, pembeni pameungua rangi ya kahawia. Nikaondoa lehemu ya zamani, nikaweka mpya.

Jana usiku nikawasha kwa nyuzi 65. Baada ya dakika kama ishirini mlango ukawa wa moto, nilipoufungua mvuke ukanipiga usoni. Mama watoto alishangilia kweli!

Uliyenizuia kununua hita, Mungu akubariki sana ndugu yangu.