Mama hana homa wala hakohoi, ila amebadilika ghafla. Naombeni ushauri

BintiKongwa: Wakuu, habari za asubuhi. Mama ana miaka 78, naishi naye hapa Kongwa. Tangu juzi hata mlenda hagusi, analala kutwa, na jana kaanguka akienda chooni. Wiki iliyopita alikuwa anapeta mtama mwenyewe! Usiku ananiita jina la marehemu mjomba. Kapimwa malaria, hana. Joto 36.9. Majirani wanasema ni uzee, mmoja anasema kachezewa. Nisubiri?

NesiMstaafu: Pole mwanangu. Usisubiri, uzee hauingii kwa siku mbili. Umri huo nimonia huweza kuja bila homa wala kikohozi, maana kinga imechoka na kifua hakina nguvu ya kukohoa. Unachoona ni kuchanganyikiwa, kuanguka, kukataa chakula. Akitulia, bila kumwambia, mtazame kifua uhesabu pumzi dakika nzima. Kawaida ni 12 hadi 20. Zikifika 25, mkimbize. Zikiwa chini ya hapo, bado leo hii aonwe na daktari.

Mzabibu: Ni baridi hii ya Julai na vumbi. Mnunulie amoksilini, mimi ilinisaidia.

NesiMstaafu: Hapana kaka. Inaweza kuwa mapafu, mkojo, sukari, hata TB. Utatibu kipi?

BintiKongwa: Nimehesabu mara mbili. 28.

NesiMstaafu: Ondokeni sasa hivi. Njiani akae ameegemea, asilale chali. Beba dawa zake zote. Na daktari umwambie wazi kwamba juzi kurudi nyuma akili yake ilikuwa timamu. Usiposema, watadhani ndivyo alivyo siku zote.

MjukuuMpwapwa: Kama ana kitambulisho cha matibabu cha wazee, kibebe. Kama hana, nendeni hivyo hivyo. Baba yangu tulipoteza nusu siku tukitafuta barua ya mtendaji. Inaniuma mpaka leo.

BintiKongwa: Saa mbili usiku. Picha ya kifua imeonyesha nimonia, pafu la kulia, chini. Yuko kwenye oksijeni na dawa za mshipa. Asanteni sana. Ila bado ananiita mjomba.

NesiMstaafu: Hilo huchelewa kuondoka, siku kadhaa, pengine wiki. Usimbishie. Mvalishe miwani yake, mtajie jina lako na siku ya leo kila akiamka, na usiku abaki mtu anayemfahamu.

BintiKongwa: Nabaki mimi.