Wakuu, shabiki wa ngumi anafuata nini hasa ukumbini? Naomba ushauri

Kamba ya Tatu
Heshima kwenu wakuu. Namsaidia kocha wangu kuandaa usiku wa ngumi, mapambano saba. Mara ya mwisho tulileta bondia wa mbali mwenye rekodi safi awe pambano kuu, bango zima mikanda yake. Tiketi zilitoka vizuri tu. Ila pambano la tatu akapanda kijana wa klabu yetu, bondia wa raundi nne, na ukumbi ukalipuka. Alipomaliza, safu tatu zikanyanyuka zikaondoka naye, dada yake mbele kabeba begi, glavu zinaning'inia shingoni. Bingwa wa bango akaja kupigana mbele ya viti vitupu.

Sasa kocha anataka tutafute jina kubwa zaidi. Mimi nasita. Watu wanafuata nini? Jina? Damu? Nokauti?

Kona ya Buluu
Mkuu, jibu uliliona likitoka mlangoni na begi. Watu wanafuata mtu wanayemjua. Kinshasa 1974, George Foreman, bingwa wa dunia uzito wa juu, dhidi ya Muhammad Ali, na wengi walimwogopea Ali. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa kutoka Septemba hadi 30 Oktoba. Wiki hizo Ali alijichanganya na watu. Usiku wenyewe uwanja ukaimba "Ali bomaye", yaani "Ali, muue" kwa Kilingala, na Foreman akalala raundi ya 8.

Damu Baridi
Tusidanganyane, wengine tunafuata nokauti. Mike Tyson alimmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91 mwaka 1988. Waliochelewa viti walijuta.

Mama Raundi
@Damu Baridi na waliowahi je, walifaidi nini zaidi ya hizo sekunde 91? Mimi damu siitaki kabisa, refa akichelewa kusimamisha pambano nasikia vibaya. Nakaa karibu kwa sababu ya sauti. Kwenye runinga husikii bondia anavyotoa pumzi puani kila anaporusha, wala huoni jasho likiruka taa inapolipiga. Na yule anayekwepa ngumi kwa upana wa kidole, mikono chini! Hapo naruka kitini.

Halafu jina kubwa halina dhamana. Melbourne 2015, watu 56,214 walijaa kwenye UFC, yale mapigano ya ngumi, mateke na mieleka, gumzo lote bingwa Ronda Rousey. Aliyemshinda na kuondoka na ukumbi ni Holly Holm.

Kamba ya Tatu
Kwa hiyo jina kubwa tuachane nalo?

Kona ya Buluu
Si lazima, lakini hela ya kutafuta jina kubwa zaidi iweke kwingine. Tafuta klabu tatu nne za jirani, kila moja ilete kijana wake, maana kila kijana anakuja na safu zake. Huyo wenu mpandishe karibu na mwisho. Na tafadhali msimpe gunia la mazoezi! Mashabiki wakishajua nani atashinda, wanakuja mara moja tu kumpongeza. Mpeni mtu wa saizi yake, anayeweza kumshinda.

Mama Raundi
Na muanze kwa wakati. Mara ngapi tumekalishwa saa nzima tunatazama ulingo mtupu, mtu anafagia?

Kamba ya Tatu
Nimemsomea kocha yote. Kanuna kidogo, kisha akasema kijana atapigana la sita, raundi sita. Dada yake atapewa kiti cha mbele, ila begi libaki chumba cha kubadilishia mpaka pambano kuu liishe.