Kamati ya mitambo, hizi kompyuta mnazoleta vituo vya mbali mlizijaribia wapi?

Wakuu, heri ya Jumapili kwa waliobarikiwa. Mimi sikubarikiwa, nilikuwa chini ya meza navuta nyaya.

Kwa wasiojua kazi hii ilivyo: ibada inaendeshwa kanisa kuu, inarushwa mubashara kwa intaneti, na sisi tulio mbali tunakusanyika ukumbini tunaifuata kwa projekta na spika. Mhubiri yuko kule, waumini wako hapa, katikati kuna kompyuta moja. Ikifa hiyo, ibada imekufa, na ukumbi mzima unageuka nyuma kumtazama mtu wa mitambo kana kwamba ndiye aliyemkana Bwana kabla jogoo hajawika.

Jumapili hii imekufa mara nne. Mara ya kwanza picha iliganda mhubiri akiwa ameinua mkono, kinywa wazi, sauti inaendelea peke yake. Watoto walicheka. Mara ya pili duara likazunguka mpaka wimbo wa sadaka ukaisha bila sisi. Mara ya tatu na ya nne sitaki hata kusimulia.

Nikapiga simu kwa kamati. Jibu lao ni lilelile la kila wiki: "Mtandao wenu mbovu, kaka."

Hapana. Nimepima. Video ya 1080p, yaani picha kali, inataka kama megabiti 5 kwa sekunde, ya 720p, ya ukali wa chini yake, inaridhika na 3 hivi. Sisi tulikuwa tunapata 12. Na simu yangu, kwenye waifai ileile, dakika ileile, ilikuwa inaonyesha ibada bila kukwama hata kidogo. Simu! Mtandao ukiwa mbovu unakuwa mbovu kwa wote, hauchagui kompyuta ya kanisa ukaiacha simu ya fundi.

Ubovu uko kwenye mashine mliyoleta. Ni kompyuta iliyostaafishwa ofisini kwa watu, ikatolewa kama sadaka, kamati ikaiwasha, ikawaka, wakasema "nzima hii". Sikatai sadaka. Ila kuwaka si kupokea ibada. Kuandikia barua na kufungua video saa mbili mfululizo ni kazi mbili tofauti. Video inakuja imebanwa kwa mtindo fulani, ndio unaoitwa kodeki, na lazima kitu kiifumue. Mashine ikiwa na chipu inayojua kodeki hiyo, inafumua bila jasho. Kama haina, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ndiyo inabebeshwa mzigo wote, feni inalia, joto linapanda, prosesa inapunguza mwendo ili isiungue, na hapo ndipo mkono wa mhubiri unapobaki hewani.

Nikachunguza. Video zetu zinakuja kwa VP9, kodeki ya mwaka 2013. Kwa kampuni ya Intel, prosesa zilizoanza kuifumua vizuri kwenye chipu yenyewe ni za kizazi cha 7, mwaka 2016. Yetu ni ya zamani kuliko hapo. Lakini H.264, kodeki ya mwaka 2003, hata hii ajuza inaiweza. Jioni nikailazimisha brauza ipokee H.264 tu: video ileile, mashine ileile, ikatulia kama maji mtungini. Mtu mmoja kwenye kamati angekaa nayo saa moja Jumamosi angeliona hili. Hakuna aliyekaa.

Na msidhani nalilia mashine ya bei mbaya. Kituo jirani walipewa kinyume chake, likompyuta la kuchezea magemu, lina kadi ya michoro kubwa na taa za rangi ubavuni, ukizima taa za ukumbi unadhani uko disko. Aliyelichagua alifikiria mahitaji ya kanisa kuu, kule wanakochanganya kamera kadhaa, wanaweka maandishi, wanabana video na kuirusha. Kule nguvu inahitajika. Huku tunapokea tu. Feni zake zinavuma kuliko mahubiri. Yaani wengine wamepewa punda, wengine ndege ya kivita, na safari yetu sote ni ya kwenda sokoni.

Sasa sauti. Hapa ndipo nilipotaka kulia kweli.

Walileta waya mmoja wa sauti, pini ndogo upande wa kompyuta, pini kubwa upande wa miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti kabla ya spika. Nikachomeka. Kinanda kinasikika kwa mbali, mwangwi wa ukumbi wa kule unasikika, mhubiri hayupo. Midomo inacheza, sauti hakuna. Wazee wakaniambia niongeze sauti, nikaongeza, tukapata mwangwi mkubwa zaidi.

Kumbe tundu lile la miksa ni la aina inayopokea ishara mbili na kutoa, kama kwenye hesabu, moja kwenye nyingine, ili kelele zilizookotwa njiani zifutike. Waya wa kompyuta nao unabeba kushoto na kulia. Sauti ya mhubiri imo sawasawa pande zote mbili. Toa kushoto kwenye kulia, mhubiri ni sifuri! Kinachobaki ni kile tu kinachotofautiana pande hizo, ndiyo hicho kinanda na mwangwi. Dawa yake ni waya unaogawanyika, kushoto chaneli yake, kulia chaneli yake. Kitu kidogo kabisa. Nilikigundua Jumapili ya tatu, baada ya kulaumu spika, miksa, na kwa siri kidogo, shetani.

Kuna jambo jingine ambalo naona hakuna anayelifikiria wakati wa kuchagua. Kompyuta ya kituo inawashwa mara moja kwa wiki. Siku sita imezimwa. Ukiiwasha Jumapili asubuhi, masasisho yote ya wiki nzima yanaingia kwa pamoja: ya brauza, ya kinga ya virusi, yote yanagombea mtandao na diski wakati ibada inaanza. Yetu ina diski ya zamani ya kuzunguka, si SSD, ile isiyozunguka na yenye kasi, kwa hiyo asubuhi ile inafika asilimia mia na haishuki. Siku hizi naenda kuiwasha Jumamosi jioni, naiacha ile masasisho ishibe. Ni safari ya ziada kila wiki kwa sababu mtu hakutaka kuuliza diski ni ya aina gani.

Na masasisho ya kawaida ya Windows yetu yenyewe yamekwisha. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, na TPM 2.0, chipu ya usalama. Yetu haifiki. Nilipolisema kikaoni nikaambiwa "si bado inawaka?"

Tunachohitaji hakitishi. Kompyuta mpakato ya kawaida, ya kizazi cha 8 au zaidi, ram ya gigabaiti 8, SSD, tundu la HDMI la kupeleka picha kwenye projekta, tundu la waya wa mtandao, na betri ambayo bado inashika chaji. Betri ni muhimu kuliko mnavyodhani: umeme ukipepesa, projekta inarudi baada ya muda mfupi, kompyuta ya mezani inaanza safari ya kuwaka upya huku waumini wanasubiri. Halafu, kabla hamjaikabidhi, ichezesheni ibada iliyorekodiwa saa mbili kamili, imeunganishwa na projekta na miksa. Si dakika tano ofisini.

Kuhusu kuchelewa silaumu mashine, ndivyo matangazo haya yalivyo, video inakatwa vipande na kila kimoja kinasubiriwa, kwa hiyo tuko nyuma sekunde 30 hivi. Lakini mwambieni kiongozi wa ibada aache kutuuliza "vituo mko pamoja nasi?" kisha asubiri sekunde tatu na kusema hatusikii vizuri. Sisi swali lenyewe halijatufikia! Wao wameshasema amina, sisi ndiyo kwanza tunafumba macho.

Wenzangu wa vituo vingine, mlifanyaje kamati zenu zikasikia? Mimi nimeandika barua mbili, nikajibiwa kwamba suala liko kwenye maombi.

Nyongeza: aliyeniuliza kwa nini nisinyamaze nikatumikia kwa moyo mkunjufu, nimekuona. Jumapili ijayo nakuja na mpakato wangu wa nyumbani. Ile ya kamati nitaiweka mezani palepale, imezimwa, ili wakija kukagua waikute.